Kompyuta ikianza kujizima baada ya kuongezwa RAM, mtoto asiwe mshukiwa wa kwanza

Kwa siku tisa, kijana wa miaka 14 katika familia moja ya Kihonda, mkoani Morogoro, hakuruhusiwa kugusa kompyuta ya nyumbani. Kosa lake, kama lilivyoaminika pale sebuleni, ni kwamba kila kompyuta ilipozima yeye ndiye aliyekuwa akiitumia.

Ilianza Jumatatu. Kioo kiligeuka bluu, kikatoa maneno machache ya Kiingereza, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Jumatano ikarudia. Jumamosi ilifanya hivyo mara tatu kabla ya saa sita mchana, na mara zote tatu kijana alikuwa akicheza gemu la mpira.

Jumapili jioni mama yake, ambaye ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake wa mtaani kwao, alifungua faili la marejesho ya mikopo. Likagoma. Ujumbe ulisema faili limeharibika. Ndani yake kulikuwa na hesabu za wanawake 28: nani amekopa, nani amerejesha, nani anadaiwa faini. Mgawo wa mwisho wa mwaka ulikuwa umebakiza wiki tano.

“Umepakua nini humu ndani?” mama aliuliza.

“Mama, sijapakua kitu. Gemu ni lilelile la siku zote.”

Jibu hilo halikusaidia. Waya wa umeme wa kompyuta ulichomolewa, ukafungiwa kabatini chumbani kwa wazazi.

Jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyelikumbuka ni kwamba siku tatu kabla ya Jumatatu ile, mjomba alikuja kutoka Dar es Salaam na zawadi. Kompyuta hiyo ya mezani, iliyonunuliwa mtumba, ilikuwa na RAM ya GB 4 na ilikuwa nzito kiasi kwamba mtu angeweza kuiwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi akaikuta bado inajivuta. Mjomba alifungua kasha, akachomeka kipande kingine cha GB 8, kompyuta ikawa nyepesi, watu wakafurahi, yeye akapanda basi akarudi zake.

Ilipoanza kuumwa, hakuna aliyeihusisha zawadi na ugonjwa. Zawadi ilikuwa imeifanya kompyuta iwe bora. Ingewezaje kuwa ndiyo iliyoiua?

Kwa nini mtoto ndiye anayenaswa

RAM ni mahali ambapo kompyuta huweka kazi inayofanyika sasa hivi. Hadi diski ni kama kabati la nguo. RAM ni kitanda ambacho nguo hutandazwa wakati wa kukunja. Mtu akifungua barua moja, anatumia kona ndogo ya kitanda. Akifungua gemu, muziki na kurasa kumi za intaneti kwa pamoja, kitanda chote kinajaa.

Kipande kibovu cha RAM mara nyingi hakiwi kibovu chote. Kati ya mabilioni ya vyumba vidogo vya kuhifadhia taarifa, vichache tu ndivyo vinavyosahau au kubadilisha kilichowekwa. Kompyuta inaweza kuwaka vizuri na kufanya kazi saa kadhaa bila tatizo. Siku programu inapoweka jambo muhimu kwenye chumba hicho kibovu, mfumo unasoma kitu kisichoeleweka na kujizima ili usiharibu zaidi.

Kadiri sehemu kubwa ya RAM inavyotumika, ndivyo uwezekano wa kugusa sehemu mbovu unavyoongezeka. Nyumbani anayeijaza ni nani? Mara nyingi ni mtoto mwenye gemu, si mama mwenye jedwali la kikoba. Hivyo kompyuta itazima zaidi mikononi mwa mtoto, na kila atakayeangalia kwa macho tu ataona ushahidi umekamilika.

Mtoto hapo yupo kama shahidi, hajawa mhalifu. Tena ni shahidi anayefaa, kwa kuwa ndiye anayejua ilizima lini, ikiwa inafanya nini, na iliandika nini. Akishaadhibiwa, shahidi huyo hunyamaza. Mara nyingine kitu kikiharibika, hatasema kabisa.

Swali ambalo kila daktari huuliza

Mgonjwa anapoingia chumba cha daktari, swali la kwanza huwa ni moja: dalili zilianza lini? Linalofuata: kabla ya hapo kulikuwa na mabadiliko yoyote, dawa mpya, chakula kipya, safari? Kompyuta nayo inahitaji kuhojiwa hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza aliyeitwa Kihonda, siku ya Alhamisi, hakuuliza. Alitazama kioo cha bluu, akasema ni virusi, na akataka kupiga Windows upya. Mama alisita kwa sababu ndani ya kompyuta kulikuwa na picha za msiba na za harusi ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Akamwambia fundi atamjulisha.

Fundi wa pili alikuja Jumatatu, kijana wa makamo ya mwanafunzi wa chuo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mashine yetu hiyo hapo, inatutesa.”

“Pole mama. Kabla haijaanza kusumbua, kuna kitu chochote mlibadilisha?”

Mama alisema hapana. Sauti ikatoka mlangoni, ya yule aliyepigwa marufuku: “Mjomba aliweka RAM.”

Kompyuta iliyokuwa nzima ikaanza kuganda, kujizima au kutoa kioo cha bluu ndani ya siku chache baada ya kuongezwa RAM, mshukiwa wa kwanza ni RAM hiyo au namna ilivyochomekwa. Inaweza kuwa sababu nyingine, lakini uchunguzi unaanzia pale palipoguswa mwisho.

Maneno ya kwenye kioo nayo ni dalili. Kwenye Windows, ujumbe kama MEMORY_MANAGEMENT au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA huelekeza kwenye RAM mara kwa mara, ingawa programu mbovu pia huweza kuuleta. Kinachotia shaka zaidi ni ujumbe kubadilika kila mara: leo hili, kesho lile. Mzazi au mtoto akiwahi, apige picha kioo kwa simu. Picha hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo ya “iliandika Kiingereza”. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 kioo hicho ni cheusi badala ya bluu, lakini maana ni ileile.

Kwanza okoa mafaili, na kwa mpangilio sahihi

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Mtu akishtuka, hukimbilia kunakili kila kitu kwenye flashi wakati RAM inayoshukiwa bado imo ndani. Nia ni njema, mpangilio ndio mbaya.

Kila faili linalosomwa, kubadilishwa au kunakiliwa hupita kwenye RAM. RAM ikibadilisha herufi moja njiani, kinachoandikwa kwenye diski ni kile kilichobadilishwa, na kompyuta haitajua. Hivi ndivyo faili la kikoba linavyoweza kuharibika bila virusi na bila mtoto kuligusa. Picha nazo zinaweza kunakiliwa zikiwa na mstari wa kijivu katikati, na mwenye nazo asijue hadi mwaka ujao.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzima kompyuta na kutoa RAM mpya. Hatua ya pili ni kuiwasha kwa RAM ya zamani peke yake, iliyokuwa ikifanya kazi miaka yote, na ndipo mafaili yanakiliwe kwenye flashi au diski ya nje. Ya tatu: nakala mpya isiandikwe juu ya nakala ya zamani. Ya zamani inaweza kuwa ndiyo pekee iliyo salama.

Hatua hizi zilimwokoa mama wa Kihonda. Mwezi uliotangulia alikuwa amemtumia mwenyekiti wa kikoba faili lilelile kwa WhatsApp, na bado lilikuwemo kwenye simu ya mwenyekiti likiwa zima. Yaliyokosekana yalikuwa ya wiki chache tu, nayo yalikuwa kwenye daftari.

Kabla ya kufungua kasha

Kazi ya kutoa na kurudisha RAM haihitaji elimu kubwa, lakini ina masharti yake.

Kompyuta izimwe kabisa, waya wa umeme uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Kama ni kompyuta mpakato, betri nayo itolewe au itenganishwe. Ambazo betri yake imefichwa ndani ni bora zipelekwe kwa fundi. Zipo pia mpakato ambazo RAM yake imegandishwa kwenye mazabodi moja kwa moja, haitoki.

Kasha dogo la chuma linalopokea umeme, lile lenye feni nyuma ya kompyuta ya mezani, lisifunguliwe na mtu yeyote wa nyumbani. Ndani yake kuna vifaa vinavyobaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. RAM haiko humo, kwa hiyo hakuna sababu ya kulifungua.

Kabla ya kugusa RAM, mtu aguse chuma cha kasha la kompyuta kisichopakwa rangi. Mwili hubeba umeme tuli, ule unaomchapa mtu anapovua sweta, na kiasi kidogo ambacho mwili hausikii kinaweza kudhuru kifaa. Hatari huwa kubwa zaidi penye hewa kavu na kwenye zulia. RAM ishikwe kingoni, isishikwe kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu.

Mtoto anaweza kuwepo na kushika tochi. Anajifunza, na anaona kwamba mashine hukaguliwa kwa utaratibu.

Huenda haikukaa vizuri tu

Kabla ya kuihukumu RAM, ichomolewe na kuchomekwa upya. Sloti za RAM kwenye kompyuta ya mezani zina vishikizo vya plastiki, kimoja au viwili. RAM ikiingia sawasawa, kishikizo hujifunga chenyewe kwa mlio mdogo, na ukingo wa dhahabu huonekana umezama sawa pande zote mbili. Watu wengi huogopa kusukuma, hivyo upande mmoja unabaki juu kidogo. Kompyuta inaweza kuwaka hivyohivyo kisha ikayumba baadaye inapopata joto.

Vumbi ni tatizo la pili. Sloti ambayo haijatumika tangu kompyuta itoke kiwandani imekaa wazi miaka yote hiyo. Isafishwe kwa brashi laini na kavu. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwa kuwa pumzi hubeba unyevu na mate. Meno ya RAM yakiwa na ukungu, kifutio laini cheupe cha penseli kinaweza kupitishwa taratibu, kisha mabaki yake yafutwe yote kabla ya kurudisha.

Baada ya hapo, kompyuta itumike kama kawaida kwa siku mbili tatu, ikiwa ni pamoja na lile gemu. Mzazi akizuia gemu wakati wa uchunguzi, anaficha dalili.

RAM mbili, sloti mbili: mchezo wa kubadilishana

Kama tatizo linarudi, kinachofuata ni kujua mkosaji ni nani kati ya watatu: RAM mpya, sloti mpya, au RAM mbili kutoelewana. Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja, hata kompyuta ikipona, hatajua ilikuwa inaumwa nini.

Kwanza, RAM ya zamani ibaki peke yake kwenye sloti yake. Kompyuta ikitulia, maana yake kiini kiko kwenye kilichoongezwa. Ikiendelea kuzima, RAM mpya inaanza kuonekana haina hatia.

Pili, RAM mpya iwekwe peke yake kwenye sloti ileile iliyokuwa na ya zamani. Sloti hiyo inajulikana kuwa nzima. Kompyuta ikizima hapo, RAM mpya ni mbovu au hailingani na kompyuta hiyo.

Tatu, kama RAM mpya ilifaulu, ya zamani ijaribiwe kwenye ile sloti mpya. Ikizima hapo, sloti ndiyo yenye kasoro.

Nne, kama kila moja ikiwa peke yake ni nzima na kila sloti ni nzima, lakini zikiwekwa pamoja kompyuta inazima, basi hazielewani. RAM za kasi tofauti kwa kawaida hukubali kwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, lakini si kila mara. Fundi anaweza kuingia kwenye BIOS na kurudisha mipangilio ya kasi ya RAM kwenye ile ya kawaida. Isipotosha, suluhisho ni kununua jozi inayofanana.

Kipimo kifupi kikisema ni nzima

Windows ina kipimo chake cha RAM. Mtu anaandika Windows Memory Diagnostic kwenye sehemu ya kutafutia, anakubali kompyuta ijiwashe upya, na kipimo kinaanza. Kikiwa kinaendelea, kubonyeza F1 kunampa nafasi ya kuchagua kipimo kirefu zaidi. Majibu hutokea baada ya kuingia tena kwenye Windows.

Fundi wa Kihonda alianza na hicho, RAM mpya ikiwa peke yake. Majibu: hakuna tatizo. Mama akageuka kumtazama mwanawe.

Wanaofanya kazi maabara wanalijua jambo hili. Kipimo kimoja kikisema hakuna ugonjwa wakati dalili bado zipo, faili la mgonjwa halifungwi. Kipimo kinarudiwa, au kinatafutwa chenye uwezo zaidi. RAM inaweza kufaulu kipimo cha dakika chache na kushindwa baada ya saa tatu, ikishapata joto.

Fundi akaandaa flashi yenye MemTest86, programu ambayo hujiwasha kabla ya Windows na kupima RAM bila kuingiliwa na kitu kingine. Toleo la bure hufanya hadi mizunguko minne. Ipo pia Memtest86+, ambayo ni ya bure kabisa. Anayeandaa flashi akumbuke kwamba vilivyomo hufutwa, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za mtoto alipobatizwa. Kazi hii huchukua saa nyingi na ni vyema ifanyike usiku, iwapo umeme hausumbui.

Waya ulitolewa kabatini, kompyuta ikaachwa inapima. Jumanne asubuhi kioo kilikuwa na mistari mekundu. Mchana RAM ya zamani ikapimwa kwenye sloti ileile, ikamaliza bila mstari mwekundu hata mmoja. Kwenye kipimo hiki hakuna alama ya wastani: kosa moja linatosha kuiweka RAM pembeni.

“Tupige Windows upya”

Ushauri huu hutolewa haraka kwa sababu kweli huponya matatizo mengi, lakini RAM mbovu haimo kati yake. Windows mpya ikipigwa kupitia RAM mbovu, ama itagoma katikati, ama itaingia ikiwa tayari na mafaili yaliyoharibika. Familia italipa, itapoteza picha, na baada ya siku nne kioo cha bluu kitarudi. Kisha atalaumiwa mtoto kwa mara ya pili.

Mzazi ana haki ya kumuuliza fundi mambo mawili kabla ya kukubali: RAM imepimwa kwa muda gani? Mafaili yamenakiliwa wapi? Fundi mzuri hachukii maswali hayo.

RAM mbovu ikishatolewa, uharibifu mdogo wa Windows unaweza kurekebishwa bila kufuta chochote kwa amri ya sfc /scannow, inayoandikwa kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Ifanyike baada ya kutoa RAM mbovu, si kabla.

Kuna pia wanaoshauri kuboresha BIOS ili kompyuta itambue RAM mpya. Wakati mwingine husaidia. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta inaweza isiwake tena. Kazi hiyo ifanywe na fundi, tena penye umeme wa akiba.

Kabla ya kununua

RAM hazifanani. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, kwa kuwa pengo lililokatwa kwenye meno yake liko mahali tofauti. Ikikataa kuingia, isilazimishwe. RAM ya kompyuta ya mezani ni ndefu, ya mpakato ni fupi.

Zipo tofauti zisizoonekana kwa macho. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35, na zote mbili huingia kwenye sloti moja. DDR3L kwa kawaida huvumilia kompyuta ya volti 1.5, lakini mpakato iliyotengenezwa kwa DDR3L pekee inaweza kugoma au kuyumba ikipewa DDR3 ya kawaida. Herufi moja tu kwenye lebo.

Tahadhari nyingine ni RAM za seva. Huuzwa mtumba, ni kubwa kwa GB na bei yake huvutia, lakini zile zilizoandikwa Registered au RDIMM hazifanyi kazi kwenye kompyuta za kawaida za nyumbani. Njia salama ni kutoa RAM ya zamani, kupiga picha lebo yake pande zote mbili, na kwenda nayo dukani.

Na risiti idaiwe. Duka lilibadilisha RAM ya Kihonda bila ubishi kwa sababu mjomba alikuwa bado na risiti kwenye pochi. Bila karatasi hiyo, zawadi ingebaki kuwa pambo.

Ikiwa si RAM

Kama RAM mpya imetolewa na kompyuta bado inazima, uchunguzi uendelee palepale palipofunguliwa. Mkono ulioingia kuchomeka RAM unaweza kuwa umelegeza waya wa diski au wa feni. Feni isiyozunguka hupandisha joto, na kompyuta iliyochemka hujizima bila hata kutoa kioo cha bluu. Umeme unaopanda na kushuka nao huleta dalili zinazofanana, hasa kama kompyuta haipiti kwenye kifaa cha kuimarisha umeme.

Kadi ya kliniki ya kompyuta

Jumanne ile jioni, mama na mwanawe walikaa mezani na daftari la kikoba. Kijana alisoma majina na kiasi, mama akaandika. Walipofika katikati ya ukurasa wa pili, mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo, “Mwanangu, nilikuonea.” Kijana akasema, “Haya mama,” akaendelea kusoma jina lililofuata.

Kusema hivyo si rahisi kwa mzazi wa Kitanzania, lakini hakumpunguzii heshima. Mtoto aliyeona mzazi akikubali kosa ndiye atakayekuja kusema mwenyewe siku atakapovunja kitu kweli.

Fundi aliacha jambo moja ambalo kila nyumba inaweza kuliiga bila gharama. Kila mtoto mchanga ana kadi ya kliniki: tarehe, uzito, chanjo aliyopewa. Akiumwa, muuguzi huanza kwa kuisoma. Alichukua kipande cha karatasi, akakibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya mfuniko wa kompyuta, akaandika tarehe, kilichowekwa, aliyekiweka na kilikotoka.

Tangu hapo, kila anayefungua kompyuta hiyo anatakiwa kuandika, awe fundi, mjomba au mwenye nyumba. Kazi ya kutunza kadi amepewa kijana wa miaka 14.